Mzee wa Pembeni

Leo siandiki habari za stelingi. Za stelingi zimeandikwa za kutosha, na yeyote aliyekulia karibu na kibanda cha sinema hapa Uganda atakutajia majina bila kupumua: Chuck Norris, Stallone, Schwarzenegger, Jackie Chan, Van Damme. Hao walichorwa hadi kwenye kuta za vinyozi. Ninayetaka kumwandika hakuchorwa popote. Ni mzee wa asili ya Kichina, mwenye paji pana, macho ya mtu anayejua jambo usilolijua, na sauti ya kukwaruza inayoweza kupanda ghafla mpaka ukashtuka. Kule Bombo tulimwita Jenerali. Kwamba jina lake ni James Hong nilikuja kujua ukubwani, baada ya kumwona akiuawa katika filamu nyingi kuliko ninazoweza kuzikumbuka.

Ujenerali huo tulimpa kwa sababu ya Missing in Action, filamu ya mwaka 1984. Chuck Norris ni Kanali Braddock anayerudi Vietnam kutafuta mateka wa Kimarekani. James Hong ni Jenerali Tran, ambaye kazi yake kubwa ni kukana mbele ya wageni kwamba mateka hao wapo. Hakai sana kwenye skrini. Usiku Braddock anapenya mpaka chumbani kwake, anamwekea kisu, anajua alichotaka kujua, na mzee hatoki humo akiwa hai. Stelingi anaendelea na safari yake.

Sasa itazame filamu hiyo ukiwa jirani na kambi ya jeshi. Bombo ni mji wa askari na wa Wanubi, na Kiswahili pale hakikusubiri kutajwa katika katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Kilikuwapo tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, kwenye gwaride, kantini na foleni ya maji. Kibanda chetu kilikuwa cha mabanzi na mabati, televisheni juu ya kabati, jenereta uani. VJ, yaani msimulizi anayeifunika filamu kwa sauti yake, alitafsiri kwa Kiganda, lakini wengi waliokaa kwenye mabenchi walitoka West Nile, Acholi na Teso, na Kiganda chao kilikuwa cha kununulia nyanya. Kwa hiyo kule nyuma hakukosekana afande wa kumtafsiri mtafsiri. Maneno yaliyoandikwa kwa Kiingereza yalipita kwa VJ yakawa Kiganda, yakapita kwa afande yakawa Kiswahili cha kambini, na kila mmoja alikata ushuru wake njiani.

"Jenerali mzima analala bila mlinzi mlangoni?" afande mmoja alifoka tulipofika pale penye kisu. "Huyu hata ukoplo hafai!"

Kibanda kizima kiliangua kicheko, kisha ukazuka ubishi wa kweli. Mmoja akasema mlinzi alikuwepo ila kahongwa. Mwingine akasema jenerali mwenye kiburi namna ile huwafukuza walinzi mwenyewe, na kwamba aliwahi kumtumikia mmoja wa aina hiyo. Waliendelea hadi nje, filamu imeshakwisha. Nimeukumbuka ubishi huo mara nyingi kwa sababu moja: hakuna aliyebishana kuhusu Braddock. Braddock hana la kubishaniwa, anaingia na uso ule ule anaotoka nao. Aliyetupa kitu cha kuzungumza ni yule mzee wa dakika chache, kwa namna alivyokaa kitini na kuwatazama wageni, mtu mwenye maisha marefu ambayo filamu haikuwa na muda nayo.

Na maisha yake mwenyewe ni marefu kweli. Alizaliwa Minneapolis, Marekani, tarehe 22 Februari 1929. Baba yake alikuwa na duka la dawa za mitishamba. James akiwa bado mdogo familia ilihamia Hong Kong, akaanza shule huko, kisha wakarudi Minneapolis akiwa na miaka kama kumi. Chuoni akasomea uhandisi wa ujenzi. Wakati wa vita vya Korea akaitwa jeshini, na hapa ndipo maafande wetu wangefurahi: jenerali wa uongo aliwahi kuvaa sare ya kweli, ila badala ya kupelekwa vitani aliwekwa kambini Alabama kuandaa maonyesho ya kuwachangamsha askari. Mwaka 1953 akahamia Los Angeles, na mwaka uliofuata akatokea kwenye kipindi cha mchekeshaji Groucho Marx, akaiga sauti za watu mashuhuri, pamoja na ya Groucho mwenyewe, naye Groucho amekaa pale pale anamsikiliza.

Shahada aliimaliza hata hivyo, na kazi yake aliifanya. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi alikuwa mhandisi wa barabara wa kaunti ya Los Angeles, akitumia likizo zake na siku za ugonjwa kwenda kuigiza. Msomaji wa Kampala hahitaji kuelezwa mbinu hiyo. Nusu ya waigizaji ninaowafahamu hapa ni walimu, wauguzi na makarani, na kila mmoja wao ana shangazi anayefariki kila wiki ya mazoezi ya mwisho.

Mwaka 1955 peke yake alionekana katika filamu ya Clark Gable, ya John Wayne na ya William Holden. Usidhani alikaa nao mezani. Alikuwa mmoja wa Wachina wa nyuma, na mara nyingine hata jina lake halikuandikwa. Barabara za kaunti zikampoteza mhandisi.

Kazi yake ya mwanzo ninayoipenda kuliko zote haina uso wake ndani. Mwaka 1954 Wajapani walitoa filamu ya lile dude linaloinuka baharini na kuivunjavunja Tokyo. Wamarekani wakainunua, wakaikatakata, wakampachika mwigizaji wao Raymond Burr kama mwandishi wa habari aliyeshuhudia maafa, na mwaka 1956 wakaitoa upya kwa jina la Godzilla, King of the Monsters! Sasa Wajapani ilibidi waongee Kiingereza. Wakaitwa waigizaji wachache wenye asili ya Asia, miongoni mwao Hong na mwenzake Sammee Tong. Hong amesimulia kwamba walifungiwa chumbani na mwongozaji, wakakalishwa mezani mbele ya kipaza sauti, bila kuonyeshwa filamu yenyewe. Kila sentensi waliitamka kwa mwendo wa taratibu, kisha wa kati, kisha wa haraka, ili baadaye uchaguliwe ule utakaolingana na midomo ya Wajapani. Kila mmoja alibeba watu kadhaa. Kazi nzima haikufika saa tano.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu nilichokiona mbele yangu ni chumba cha VJ. Ndivyo inavyofanyika hapa mpaka leo: mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, kompyuta, na filamu inayotakiwa sokoni kesho. Yeye ndiye bwana harusi, yeye ndiye bibi harusi, yeye mtoto anayelia, yeye jambazi, na mbwa akibweka anabweka yeye. Majina ya VJ Jingo na VJ Junior yanauza filamu Kampala kuliko majina ya walioiigiza. Mteja haulizi filamu ni ya nani, anauliza imetafsiriwa na nani. Wenzetu wanaovuka mpaka wa Busia huleta pia za DJ Afro kutoka Kenya, za Kiswahili, ingawa kwa maoni yangu yeye ni mzuri zaidi kwenye ngumi kuliko kwenye mapenzi.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Hong alilipwa ili asijulikane kwamba yupo. VJ hulipwa ili asikike kuliko filamu. Atakuambia adui ana nyumba Kololo, kwamba stelingi ameacha deni Wandegeya, kwamba huyu mwanamke usimwamini maana ni shemeji yake anamjua. Hakuna anayemdai uaminifu kwa maandishi, na mimi ni wa mwisho kumdai. Ila kuna hasara tuliyoilipa bila kuletewa risiti: James Hong, ambaye sauti ni nusu ya ufundi wake, aliingia masikioni mwetu bila sauti. Kila alichokisema kilifunikwa. Kwa hiyo sisi tulimjua kwa mwili tu, kwa mabega, shingo, na namna ya kugeuka polepole kabla hajatoa amri ya kuua. Na bado tulimkumbuka. Sijui mtihani mgumu kuliko huo kwa mwigizaji.

Kwa nini basi mtu huyu alibaki pembeni? Jibu la mkato ni uso. Mwaka 1957 alipata nafasi nzuri kuliko alizozoea, mtoto wa kwanza wa mpelelezi Charlie Chan katika tamthilia ya televisheni. Baba yake mle ndani, huyo Charlie Chan, ambaye ni Mchina, aliigizwa na J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland, kwa msaada wa vipodozi. Mchina wa kweli akawa mtoto wa Mchina wa kupakwa. Huo ndio uliokuwa utaratibu. Wenye studio walisema sura ya Kiasia haiuzi tiketi, basi wazungu wakavutwa ngozi ya macho kwa tepu wakapewa nafasi kuu, na Waasia wakagawiwa trei za chai, sare za majenerali na makoti ya mabawabu.

Mwaka 1965 Hong, mwigizaji mwenzake Mako na wenzao wachache wakaanzisha East West Players, kundi la maigizo hapo hapo Los Angeles, ili Mwasia apate walau jukwaa moja la kuwa mfalme, mpenzi, au mtu wa kawaida anayedaiwa kodi ya nyumba. Walianza na mchezo wa Rashomon. Kundi hilo lipo hadi leo.

Ngoja niseme ya kwetu kidogo, kwa sababu mambo haya si ya Wachina wa California tu. The Last King of Scotland, filamu kuhusu Idi Amin, ilipigwa hapa hapa Uganda, ikatoka mwaka 2006. Amin ni Forest Whitaker, Mmarekani aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi hiyo, na Oscar akaichukua. Sina ugomvi naye. Wazee wa Bombo wanaomkumbuka Amin mwenyewe walimsikiliza kwa makini, wakamkosoa matamshi, wakakubali kwamba kicheko amekipatia. Lakini Kay, mke wa Amin, ni Kerry Washington wa Marekani, na daktari Mganda ni David Oyelowo wa Uingereza. Waganda wako wapi? Wako pembeni. Abby Mukiibi ni Masanga, mtu wa Amin. Stephen Rwangyezi, yule yule wa kundi la ngoma la Ndere Troupe, ni waziri Wasswa. Na nyuma yao kuna umati wenye bunduki, wenye trei, na wagonjwa waliolazwa vitandani.

Itazame tena ukimfuata Mukiibi peke yake. Hasemi mengi. Anasimama, anaangalia, na baada ya muda unajikuta umemwacha Amin na hotuba zake, unajiuliza huyu mwingine ameamkia kazi gani leo asubuhi. Ni mtu ambaye Kampala tumemwona jukwaani miaka nenda rudi, yeye na wenzake wa kundi la maigizo la Afri Talent, akibeba michezo mizima mgongoni. Dunia ilipokuja kupiga picha kwetu, ikampa nafasi ya kusimama karibu na stelingi.

Walimu wa maigizo wana msemo wanaoupenda, kwamba hakuna nafasi ndogo, kuna waigizaji wadogo tu. Siukubali. Nafasi ndogo zipo. Zilifanywa ndogo na mtu aliyekaa na hesabu zake za tiketi, na malipo yake ni madogo vilevile, na chakula cha mchana mnapanga foleni tofauti. Ninachokiona kwa Hong ni kwamba alizipokea nafasi hizo kama ajira bila kuzipokea kama kipimo chake. Ukimtazama kwa mfululizo jambo hilo linaonekana wazi.

Mchukue katika Chinatown, mwaka 1974. Ni mtumishi wa nyumba, anafungua mlango, basi. Lakini tazama anavyoufungua: ni mlango wa mtu anayejua siri za bibi wa nyumba na ameamua wewe hutazijua. Au Blade Runner ya mwaka 1982, ambamo ni Hannibal Chew, fundi wa kutengeneza macho ya watu bandia. Eneo hilo lilipigwa ndani ya chumba halisi cha kugandishia nyama, na mvuke unaomtoka mdomoni haukuongezwa na mtu. Kabla wauaji hawajaingia, mzee yuko peke yake na kazi yake, anajisemea kwa Kichina, amefurahi. Sekunde chache tu. Sekunde hizo hakuna aliyezihitaji kwa ajili ya hadithi. Hadithi ilihitaji mtu wa kutishwa. Yeye kwanza akaweka fundi anayependa ufundi wake, ndipo wakaja kumtisha, na ndiyo maana ukimwona anatetemeka kwa baridi unamwonea huruma mtu, si kikwazo kilichopo njiani.

Mwaka 1991 akaja kwenye Seinfeld, kipindi kimoja kinachopita chote kwenye ukumbi wa kusubiri meza katika mgahawa wa Kichina. Wateja wana njaa, wanauliza tena na tena, naye mwenye daftari la majina anawajibu kila mara kwamba ni dakika tano, kumi. Hakasiriki, haombi radhi, hajali. Kama umewahi kufuatilia faili katika ofisi yoyote ya wilaya utamtambua mtu huyu mara moja, utataka hata kumsalimia. Kisha anaita jina la mmoja wao kwa makosa, anaita "Cartwright" badala ya Costanza, simu iliyosubiriwa usiku kucha inapotea, na yeye anarudi kwenye daftari lake. Ni nafasi ya kijinga kwenye karatasi. Ni miongoni mwa vitu vya kuchekesha zaidi nilivyowahi kuona kwenye televisheni.

Mara moja walimwachia nafasi pana, nayo ni David Lo Pan katika Big Trouble in Little China ya John Carpenter, mwaka 1986. Lo Pan ni mchawi aliyelaaniwa kwa karne nyingi, na ana miili miwili: kikongwe aliyekunjamana kwenye kiti cha magurudumu, na mzimu mrefu wa mavazi ya fahari na kucha ndefu, mwanga ukimtoka mdomoni. Anataka kuoa msichana mwenye macho ya kijani ili laana imtoke. Kwa mtu aliyekulia Afrika hii ni habari ya kueleweka kabisa, tena kibandani hakuna aliyeuliza kama inawezekana. Waliuliza mahari ni kiasi gani. Kinachonishangaza kila nikiirudia ni kwamba Hong anamfanya Lo Pan achoke. Mwovu wa miaka elfu mbili anaongea kama mzee aliyechoshwa na watumishi wazembe, anakasirika kwa vitu vidogo, na anapoachwa kidogo na ubabe wake unaona upweke. Kisha Kurt Russell anamrushia kisu, kinamwingia katikati ya paji, na hesabu ya vifo inaongezeka.

Filamu hiyo haikurudisha gharama zake sinemani. Baadaye kanda za video zikaiokoa, na kanda hizo ndizo zilizotufikia sisi.

Mle ndani yumo na Al Leong, mwenye nywele ndefu na masharubu yanayoning'inia, ambaye kama Hong alikuwa jenerali wetu basi huyu alikuwa koplo. Ni yule anayemtesa Mel Gibson kwa umeme katika Lethal Weapon mwaka 1987, na mwaka uliofuata, katika Die Hard, akiwa amejibanza kuwasubiri polisi, anatupa jicho kwenye kabati la peremende, anaiba moja na kuila. Hilo tu. Nakumbuka mwenye kibanda alisimamisha kanda na kurudisha nyuma tulione mara ya pili, kwa ombi la hadhira. Na wale waliocheka mimi nilipowaambia kwamba Wakaliga hapa Kampala, kwa mtengeneza filamu Nabwana na wenzake, waigizaji hufa, hufutwa ile damu ya rangi ya chakula, kisha hurudi kufa tena kwa jina lingine, wakumbuke kwamba Hollywood iliishi kwa utaratibu huo huo miaka mingi. Katika Kung Fu, ile tamthilia ya miaka ya 1970 yenye David Carradine, Hong alirudi tena na tena, kila mara ni mtu mwingine, na hakuna mtazamaji aliyeandika barua kulalamika.

Idadi ya kazi zake inatofautiana kutegemea anayehesabu na kama anahesabu kila kipindi cha televisheni, lakini hakuna hesabu niliyoiona inayoshuka chini ya 400. Zingine siwezi kuzitetea. Bloodsport ya pili na ya tatu alizikubali, na mimi nimezitazama zote mbili, basi tugawane lawama.

Watoto wangu hawamjui hata mmoja kati ya hao. Wanamjua bata. Katika Kung Fu Panda, kuanzia ya mwaka 2008 hadi ya nne ya mwaka 2024, Hong ni Bwana Ping, bata bukini anayeuza supu ya tambi na aliyemlea panda mkubwa kama mwanawe bila kumweleza kilicho dhahiri. Ukiitazama kwa sauti yake mwenyewe, ile kwaruzo ya majenerali wote wale imekuwa wasiwasi wa mzazi: umekula, unakwenda wapi, nani atabaki dukani. Pale anapofichua kwamba kiungo cha siri cha supu yake hakipo, kwamba hakukuwahi kuwa na siri yoyote, mzee anatamka maneno hayo kama anayeuza hisa, si kama anayehubiri. Sasa fikiria filamu hiyo hiyo ikiwa na VJ juu yake. Uso si wake, ni wa bata. Sauti si yake, ni ya kijana wa Kampala. James Hong hayumo kabisa, na bado mwanangu wa pili, aliyezoea nakala ya VJ, humwiga yule bata akiinamisha shingo kwa namna ambayo wachoraji waliipata kwa kumsikiliza Hong. Hilo mpaka leo nalitafakari bila kufika popote.

Heshima zilikuja kwa mkupuo uzeeni. Mwezi Mei 2022 aliwekewa nyota yake kwenye Hollywood Walk of Fame akiwa na miaka 93, na hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kuipata akiwa mzee kuliko hapo. Nyota zile zina ada. Ya Hong ilichangiwa na watu: mwigizaji Daniel Dae Kim alianzisha mchango mtandaoni mwaka 2020, na dola 55,000 zikapatikana ndani ya siku chache, bila hata lile kundi la WhatsApp na mweka hazina msumbufu. Mwaka huo huo wa nyota ikatoka Everything Everywhere All at Once, ambamo yeye ni babu, baba wa Michelle Yeoh, anayeingia kwenye kiti cha magurudumu kama alivyoingia Lo Pan miaka 36 kabla. Februari 2023 waigizaji wote wa filamu hiyo walitunukiwa na chama cha waigizaji wa Marekani, akasimama jukwaani na miaka 94, akaanza na Clark Gable, akaja kwa wale waliobandikwa tepu machoni na wenye studio waliosema Waasia hawauzi, na ukumbi mzima ukasimama. Mwezi uliofuata filamu ikachukua Oscar saba. Yake haikuwemo, hakuteuliwa.

Magazeti yaliandika kwamba subira yavuta heri. Hadithi hiyo inanikera. Mzee hakuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Alikuwa kazini, karibu miaka sabini, na kikundi cha maigizo alianzisha pale aliposhindwa kuvumilia. Kumpa mtu stahili yake akiwa na miaka 93 ni kulipa deni baada ya mdai kuacha kudai, na anayelipa hivyo asijisifu. Pia inatusahaulisha walio hai wenye miaka 50 na 60, hapa Kampala wamo, ambao bado wanasimama karibu na mlango.

Kwa anayetaka kumtazama, ushauri wangu ni huu. Blade Runner anza nayo kwa ajili ya zile dakika za baridi, hata kama sehemu nyingine itakulaza. Kipindi kile cha Seinfeld kitazame ukiwa na njaa. Kung Fu Panda ya pili ndiyo bora kwa Bwana Ping, kwa sababu humo anaulizwa panda alitoka wapi na inabidi ajibu. Hiyo uitafute isiyo na VJ. Missing in Action kinyume chake, bila VJ haina ladha. Na Big Trouble in Little China usiikose kwa hali yoyote. Maduka ya kukopi filamu yatakuwekea kwenye flashi kwa bei ya chapati mbili, ila kijana wa dukani atataka jina la mwigizaji ili aitafute. Ukimtajia James Hong atakukodolea macho. Mtajie Kurt Russell.